Kompyuta iseme ukweli: kimya chake ni hasara ya raia

Wakaaji wa kambi wanajua uzito wa orodha. Jina lisipoonekana, hakuna jetoni. Bila jetoni, hakuna unga wala mafuta. Siku hizi orodha nyingi zinaandikwa kwenye kompyuta na simu. Basi mashine ikisema "imehifadhiwa" wakati haikuhifadhi kitu, huo ni uongo, na anayelipa ni mama aliyesimama kwenye mstari.

Uongo huo una chanzo. Diski ikishindwa kuandika, hurudisha alama ya kosa. Sehemu ya mfumo inayotunza faili inapaswa kuifikisha alama hiyo kwa programu, nayo programu imwambie mtumiaji. Mwaka 2008, watafiti wa chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichunguza Linux, mfumo ambao kiini chake kinaendesha pia simu za Android. Walikuta mahali 1153, sawa na asilimia 13 ya miito iliyochunguzwa, ambapo alama ya kosa ilitupwa bila kushughulikiwa. Ndani ya msimbo, fundi mmoja aliacha hata maelezo: ruka kipande hiki, utumaini mema.

Mwaka 2018, mafundi wa PostgreSQL, programu inayotunza orodha kubwa duniani kote, waligundua jambo baya zaidi. Linux iliweza kutaja kosa mara moja tu. Programu ikijaribu tena, ilijibiwa kwamba yote ni sawa, kumbe maandishi hayakufika kwenye diski.

Wapo wanaojitetea: diski ikifa, programu ifanye nini? Iseme! Februari 2019 PostgreSQL ilirekebishwa: ikikuta kosa hilo, inasimama na kuanza upya kutoka kwenye daftari lake la mabadiliko. Kusimama kunaudhi, lakini kila mtu anajua kuna shida. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Mafundi waache kujisifia mwendo kasi peke yake. Kila alama ya kosa ishughulikiwe, na mfumo ujaribiwe kwa diski iliyoharibiwa makusudi. Nao wanaoandikisha wahami wasitegemee neno la mashine: kompyuta izimwe, iwashwe, orodha ifunguliwe tena, majina yasomwe mbele ya wenyewe, na nakala iwekwe pengine kabla karatasi hazijatupwa.

Raia ana haki ya kujua leo kwamba jina lake halikuandikwa, si siku ya ugawaji.