Santuri za Mume na Mke

Wako watu wanaodhani kwamba habari za santuri na nyimbo hazimhusu askari. Husema kazi ya askari ni bunduki, gwaride na nidhamu, na mambo ya dansi waachiwe vijana wa mjini. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo, na leo tunapenda kueleza sababu yetu.

Hivi karibuni tulialikwa nyumbani kwa afisa mmoja mstaafu wa polisi na mkewe. Wazee hawa walikutana London katika miaka ya ukimbizi, bwana akiwa mwanafunzi na bibi akiwa muuguzi, wakaoana huko mwaka 1984. Waliporejea nchini mwaka 1986 walileta masanduku mawili ya santuri, karibu zote za muziki ulioitwa New Wave, yaani Wimbi Jipya, uliovuma Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Masanduku hayo yalifuata kila uhamisho, kituo hadi kituo, bila kufunguliwa, kwa kuwa sindano ya gramafoni ilivunjika zamani. Sasa binti yao amewaletea gramafoni nyingine, nasi tukabahatika kuwapo siku ya kuijaribu.

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba santuri kadhaa zilikuwa mbili mbili. Kabla ya ndoa kila mmoja alinunua zake kwa fedha zake, akaandika jina lake juu ya jalada. Bwana alitueleza kwamba walipooana alitaka nakala za ziada wapewe marafiki. Bibi alikataa. Alimwambia, "Ndoa ikivunjika, mimi nitaondoka na nini?" Basi zikabaki mbili mbili, akiba ya talaka, kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na kusikiliza mara ya pili ni kusikia mengi. Wimbo wa kwanza kuwekwa ulikuwa "Ghost Town" wa kikundi cha The Specials cha mji wa Coventry, kilichochanganya wanamuziki weusi na weupe. Wimbo huo wa huzuni juu ya miji iliyokufa kwa kukosa kazi ulishika nafasi ya kwanza Uingereza Julai 1981, wakati uleule vijana walipokuwa wakipambana na polisi mitaani. Aprili ya mwaka huo mtaa wa Brixton ulikuwa umekwisha kuwaka moto, baada ya polisi kuwasimamisha na kuwapekua vijana wengi, hasa weusi. Novemba Jaji Scarman alitoa taarifa yake, akaeleza jinsi imani kati ya raia na polisi ilivyovunjika. Mzee alisema, "Sisi tulikuwa tukiucheza tu. Nilipokuja kuwa polisi ndipo ningalipaswa kuusikiliza."

Ukafuata "Shipbuilding", ulioimbwa na Robert Wyatt kwa maneno ya Elvis Costello. Mwaka 1982 Uingereza na Argentina zilipigania visiwa vya Falkland, wakafa watu zaidi ya 900. Wimbo huo unazungumzia mji ambao vita vinawaletea baba kazi ya kuunda meli, na meli hizohizo zinawachukua watoto wao kwenda kufa. Hakuna askari asiyeuelewa uzito wa jambo hilo.

Mwisho ulikuwa "Every Breath You Take" wa mwaka 1983, wa kikundi kilichojiita The Police. Watu wengi huupiga arusini, wakidhani ni wimbo wa mapenzi. Aliyeutunga, Sting, amekwisha kusema kwamba unahusu wivu na upelelezi: mtu anayechunguza kila hatua ya mwenzake. Bibi alicheka, akamwambia mumewe, "Baba watoto, huu ulikuwa wako kabisa." Mzee hakucheka. Alikiri kwamba, alipokuwa akirudi kutoka kazi za mbali, alimhoji mkewe kama anavyohojiwa mshitakiwa, na kwamba miaka hiyo ndiyo nusura itumie zile nakala za ziada.

Ndugu maafande, hapa ndipo lilipo neno letu. Nyumba nyingi za askari zina masanduku mawili. Bwana ana akiba yake na kiwanja chake cha siri, bibi ana vyake, na simu ya kila mmoja ina kufuli. Hatusemi kwamba mke wa askari hana sababu. Ameona mjane akifukuzwa na shemeji zake kabla matanga hayajaondoka. Kuwa na chake ni busara, na sheria inapaswa kumlinda. Lakini nyumba isiyo na hata kitu kimoja kinachoitwa "chetu" ni bweni la wasafiri wawili.

Askari wetu wamekuwa wakipelekwa Somalia tangu mwaka 2007, na wengine hukaa mwaka mzima bila kuiona familia. Anaporudi, askari huwa amezoea kulinda, kushuku na kuhoji. Mambo hayo ni sifa njema lindoni, ila mlangoni kwake hayana budi kuvuliwa pamoja na buti. Kabla ya kuuliza nani alipita hapa, na akae na mkewe wafungue walivyovikusanya pamoja, iwe ni santuri, picha, barua au shamba la migomba. Katika kuvirudia watasikia wasiyoyasikia ujanani, hata yale machungu, nao watayasikia wakiwa wawili.

Jioni ile, kabla hatujaaga, bibi alizitoa nakala zote za ziada, akaziweka katika sanduku dogo pembeni. Mumewe alimwuliza zinakwenda wapi. Akajibu, "Apewe binti yetu. Mimi siondoki tena."