Makohozi Yafike, Majibu Yarudi

Tangu Uhuru mwaka 1961, Taifa limekuwa vitani na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Miongoni mwa maradhi hayo kifua kikuu hakijasalimu amri. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Silaha si haba. Darubini, tegemeo la maabara kwa miaka mingi, huhitaji vimelea wapatao 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo iwaone. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika hilo Desemba 2010, huwatambua wakiwa 130 hivi. Hutoa jibu kwa muda wa saa mbili, na papo hapo huonyesha kama vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini.

Lakini mashine haina miguu. Haiwezi kumfuata mkulima wa Muhukuru, karibu na mpaka wa Msumbiji. Mkulima huyo akiambiwa aende Songea mjini, atahesabu nauli, atahesabu siku za shamba atakazopoteza, na mwisho atanunua dawa ya kikohozi dukani.

Vikwazo vingine vinafahamika. Mashine inataka umeme usiokatika katikati ya kipimo. Njia ya umeme ya Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018, ilileta nafuu kubwa, hata hivyo betri ya akiba bado ni ya lazima. Inataka chumba kisichozidi joto la nyuzi 30: jambo jepesi katika baridi ya Songea, gumu katika joto la Mbamba Bay. Inataka katriji moja kwa kila kipimo, nazo huagizwa kutoka ng'ambo na huisha muda wake. Inataka kukaguliwa kila mwaka. Kimoja kikikosekana, mashine hufunikwa kitambaa na matabibu huzoea kukisia.

Mengi ya hayo yanangoja saini tu. Ombi la katriji likilala mezani wiki tatu, mgonjwa naye analala bila tiba, na mgonjwa asiyetibiwa aweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka. Ofisa anayeinyima mafuta pikipiki ya kubebea makohozi kutoka zahanati, huku gari la ofisi likizunguka kwa shughuli zisizo na haraka, hajaokoa fedha ya umma hata senti moja.

Walimu nao wanahusika. Mwanafunzi anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi na kukonda apelekwe zahanati pamoja na mzazi wake, bila kunyooshewa kidole. Matibabu ni bure, kwa kawaida huchukua miezi sita, na huponya.

Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977. Utaratibu uliojengwa humo na Dakta Karel Styblo na wenzake Watanzania uliigwa duniani kote kabla mashine hizi hazijavumbuliwa. Msingi wake ulikuwa watumishi walioandika kila mgonjwa daftarini na kumfuatilia hadi apone.

Nidhamu hiyo ndiyo inayotakiwa leo Songea na mkoa mzima wa Ruvuma. Kila halmashauri ipange siku za kukusanya makohozi katika zahanati zake, itenge fedha za mafuta na matengenezo, na imtaje kwa jina mtumishi atakayewajibika kuhakikisha kwamba kila jibu limemfikia mgonjwa.