Data Kuwa Kwenye Wingu Si Kuwa na Nakala

Hifadhidata iliyohamishiwa kwenye wingu huhesabiwa na wengi kuwa tayari ina nakala rudufu. Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, mpakani na Goma ya Kongo, imani hiyo haikuota hewani. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta za Rubavu. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani. Januari 2025 makombora ya vita vya Goma yakaangukia upande wa Rwanda. Kuiondoa seva chini ya meza ya mhasibu ni uamuzi wa busara. Upotofu unaanza pale mwenye data anapodhani kwamba amemaliza kazi.

Wingu nalo lina paa na kuta. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waliokuwa wakilipia nakala rudufu walikuta kwamba nazo zilikuwa zikitunzwa mahali palepale. Lakini moto ni nadra. Kinachopoteza data mara nyingi ni mkono wa mtu, na hapo ndipo sifa kuu ya wingu, yaani kuiga data katika vituo viwili au vitatu kwa wakati mmoja, haifui dafu. Karani wa duka la jumla karibu na kivuko cha mpaka cha Petite Barrière anataka kufuta deni la mteja mmoja wa Goma. Akisahau kuandika sharti la WHERE linalomtaja mteja huyo kwenye amri yake, anafuta madeni ya wateja wote, na baada ya sekunde chache kituo cha pili nacho hakina deni hata moja. Mfumo umefanya kazi yake barabara: umeiga kosa.

Nakala za kila siku zinazojitengeneza zenyewe zinasaidia, ila zina ukomo. Huduma ya RDS ya Amazon huzitunza kwa siku 35 tu, tena hapo mteja awe ameomba kiwango cha juu kabisa. Kosa litakalogunduliwa kwenye hesabu za robo mwaka huenda limeshapita ukomo huo. Tena nakala hizo hukaa ndani ya akaunti ileile. Mei 2024 Google Cloud ilifuta kimakosa mfumo wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, katika vituo vyake vyote viwili. Nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine zilisaidia kuuokoa mfuko huo.

Hata nakala iliyopo haina thamani mpaka irejeshwe. Kampuni ya GitLab ilikuwa na njia tano za kujilinda pale mhandisi wake alipofuta hifadhidata kuu tarehe 31 Januari 2017. Hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lililopitwa na hifadhidata yenyewe, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichopatikana ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kuna pia suala la muda. Gigabaiti 40 kwa mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde zinahitaji karibu saa 9 kushuka, mtandao usipokatika. Na tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Kwa hiyo jaribio la kurejesha lifanywe siku ya kawaida: nakala ifunguliwe kwenye seva tupu, rekodi zihesabiwe, jumla ya jana ilinganishwe na daftari la mauzo, na saa zilizotumika ziandikwe.

Kisingizio kinachosikika sana dhidi ya nakala ya pili ni sheria ya Rwanda ya 2021 ya kulinda data binafsi, inayotaka data hiyo itunzwe nchini isipokuwa mwenye nayo ana cheti cha kuitunza nje. Ni kisingizio dhaifu. Nakala ya pili yaweza kukaa Kigali, takriban kilomita 150 kwa barabara kutoka Sebeya, kwenye akaunti nyingine yenye nywila ambayo karani wa kila siku haijui.