Chagua Wiki Kwanza, Mahali Baadaye

Mwezi huu nina barua ya dada mmoja, muuguzi wa zamu za usiku huko Ohio, Marekani. Yeye na mumewe wana siku kumi za likizo kwa mwaka, na kwa miaka mitatu hawajawahi kuzitumia pamoja. Dada akirudi asubuhi, shemeji yetu ndiyo kwanza anafunga viatu kwenda kubeba boksi. Wanapishana mlangoni. Mwaka huu mabosi wa pande zote mbili wamekubali kuwapa wiki moja inayofanana, ila wanataka kujua ni ipi kabla mwezi haujaisha. Shemeji anataka Las Vegas mwezi wa Julai. Dada anataka mahali popote atakapolala usingizi wa usiku na kuzungumza na mumewe. Ugomvi umeshaanza, na naombwa niamue.

Sitaamua bado. Wote wawili wanagombania mahali, wakati Marekani jambo la kwanza kuamua ni wiki.

Wewe uliyeko Dar huenda unashangaa siku kumi. Si unajua, sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo? Kule hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Anachokupa ndicho hicho. Kwa hiyo kila siku ina thamani, na ukiipeleka mahali pasipo katika msimu wake umeitupa.

Na msimu wa kule ni kitu cha kweli, siyo kama sisi tunavyosema masika na kiangazi halafu tunavaa shati lile lile. Watoto wa shule huwa nyumbani kuanzia mwisho wa Mei au Juni hadi Agosti au mwanzo wa Septemba, na familia nzima nzima humwagika barabarani. Hoteli hupandisha bei, foleni za magari zinakuwa ndefu, na wewe na mwandani wako mnaishia kukasirikiana kwenye maegesho. Las Vegas ya Julai, shemeji yangu, ni jangwa la nyuzi 40 za joto. Mtatoka kwenye kiyoyozi na kuingia kwenye kiyoyozi kingine.

Sasa sikilizeni mambo matamu. Mpakani mwa Tennessee na North Carolina kuna hifadhi ya Great Smoky Mountains, inayotembelewa kuliko hifadhi zote za taifa za Marekani. Mwaka 2024 ilirekodi zaidi ya ziara milioni 12. Kiingilio hakuna, unalipia maegesho tu. Lakini kinachonifanya niitaje kwenye ukurasa huu wa wapendanao ni vimulimuli.

Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, kwa wiki mbili hivi, eneo linaloitwa Elkmont hupata vimulimuli wanaowaka kwa pamoja. Vimulimuli wa kawaida hata Ohio wapo, kila mmoja anawaka kivyake. Hawa wa Elkmont madume yao huwaka mara kadhaa kwa mpigo mmoja, msitu mzima, halafu ghafla wote wanazima. Giza totoro kwa sekunde chache, kisha wanaanza tena. Na unajua wanafanya nini? Wanatongoza! Jike yuko chini kwenye majani, na akimpenda mmoja anamjibu kwa kamwanga kadogo wakati wenzake wamezima. Yaani madume yote yananyamaza ili jibu lake lionekane. Nawafahamu wanaume kadhaa ambao ningewapeleka wakasome pale.

Tatizo, huwezi kujiendea tu. Kwa siku za kilele hifadhi huchezesha bahati nasibu ya magari, na maombi hupokelewa mwishoni mwa Aprili kwenye intaneti. Ukipata, njoo na tochi uliyoifunika karatasi nyekundu, iangalie chini, na simu yako isiwake taa. Mwanga mweupe unawavuruga. Fikiria jioni nzima mmekaa kwenye viti vya kukunja, hakuna simu, hakuna la kufanya ila kungoja giza na kuongea kwa kunong'ona. Ukikosa bahati Tennessee, hifadhi ya Congaree kule South Carolina nayo ina vimulimuli wa aina hiyo katika majira hayo hayo, na nayo ina bahati nasibu yake. Ila kwa mtu mwenye wiki moja tu kwa mwaka, bahati nasibu ni jambo la kulifikiria mara mbili.

Pa pili panapofanya moyo wangu utulie ni kisiwa cha Mackinac, Michigan, ndani ya ziwa Huron. Magari yalipigwa marufuku pale mwaka 1898, na mpaka leo watu wanakwenda kwa farasi, baiskeli au miguu. Msomaji wa Lamu atacheka na kuuliza, hilo nalo jipya? Kwako siyo jipya, lakini kwa mtu anayekaa saa mbili kwa siku kwenye gari lake huko Columbus au Cleveland, kusikia kwato badala ya honi ni dawa. Barabara inayozunguka kisiwa ni kama kilomita 13. Mnakodi baiskeli mbili, au ile ya watu wawili kama mna uhakika na ndoa yenu, na mnazunguka taratibu huku maji yako pembeni yenu muda wote. Mkimaliza mnakula fuji, ile peremende laini ya sukari, maziwa na siagi ambayo kisiwa kinajulikana kwayo. Ni tamu kupita kiasi, mgawane kipande kimoja.

Julai kisiwa hufurika. Juni maua ya mlilaki yanachanua na kuna tamasha lake. Ila mimi wiki yangu ni ile inayofuata Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Shule zimeshafunguliwa, watoto hawapo, na baridi kali bado haijaanza. Usingoje sana, maana hoteli nyingi hufunga mwisho wa Oktoba.

Wenye kupenda picha watasema, mbona hujataja majani? Haya. Vermont na New Hampshire, mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Siku zikifupika mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwa imejificha humo humo inajitokeza. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa wakati huo. Ni kweli panapendeza. Ila wikiendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba epukeni kabisa, mtaangalia taa za nyuma za gari la mbele yenu. Nendeni Jumanne.

New Orleans nayo kila mtu anaitaka wakati wa Mardi Gras, ambayo mwaka 2027 itaangukia Februari 9. Kama mnataka kujirusha, nendeni. Kama mnataka kuzungumza, subirini katikati ya Machi, keleleni zimepungua na joto halijafika. Mtakuta gumbo, mchuzi mzito ambao jina lake husemwa limetoka kwenye neno la Kibantu la bamia. Agosti vyumba ni vya bei rahisi, na sababu ipo: msimu wa vimbunga unaanza Juni 1 hadi Novemba 30, na Katrina ilipiga Agosti 29, 2005.

Haya, dada yangu wa Ohio. Andika kwenye fomu ya bosi wiki ile ya baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, na mwambie shemeji aandike hiyo hiyo leo leo. Mackinac mnafika kwa gari lenu ndani ya siku moja, na gari mnaliacha upande wa bara. Siku mbili za kwanza lala tu, dada, usione aibu. Yeye akodi baiskeli azunguke.

Na wewe shemeji, Vegas yako sijaifuta. Mwakani ombeni siku chache za Februari, katikati ya wiki, mkodi gari muende mpaka Death Valley, kama saa mbili tu kutoka hapo. Ndipo ilipopimwa nyuzi 56.7 mwezi Julai 1913, lakini Februari utatembea na sweta asubuhi, kwenye chumvi nyeupe iliyo mita 86 chini ya usawa wa bahari, na usiku nyota kibao. Chukueni maji ya kutosha na mjaze tangi la mafuta kabla ya kuingia.

Mniandikie mlivyolala. Tukutane mwezi ujao.