Maji Umechemsha, Bomba Je?

Kila wiki kwenye kliniki ya watoto tunahimiza: chemsheni maji ya kunywa. Neno hilo silifuti. Lakini mama mmoja aliyepanga katika nyumba ya zamani aliniuliza kama kuchemsha kunaondoa pia ubaya wa bomba, nikaona kwamba miaka yote nimefundisha nusu. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Madini ya risasi hayafi. Maji yakipungua sufuriani, risasi hubaki ile ile katika maji machache.

Basi litazameni bomba pale linapoingia nyumbani. Kwaruza kidogo kwa sarafu, kisha weka sumaku. Ile ya spika ya redio mbovu inatosha. Sumaku ikinasa, ni chuma. Hilo huota kutu ndani, maji ya asubuhi yakatoka mekundu, na tundu huzidi kuziba. Ukikwaruza ukaona rangi ya senti ya zamani, ni shaba. Hapo muulize fundi kama lehemu aliyoungia ina risasi. Plastiki hata mtoto anaijua. Lakini likiwa la kijivu, laini, limevimba kama kitunguu kwenye maungio, sarafu ikaacha mstari unaong'aa na sumaku isinase, hilo ni risasi. Fundi mmoja aliniambia, "Sista, bomba ni bomba." Hapana.

Risasi hupunguza damu ya mtoto na kudhoofisha ubongo wake, nayo hupita kwa mama mjamzito hadi kwa aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mara nyingi mtoto haonyeshi homa wala kuharisha, ndiyo maana tunachelewa. Tunasema ni mzito darasani, tunamchapa.

Kwa maoni yangu, mwenye nyumba anayepaka rangi ukutani kila Krismasi na kuliacha bomba la risasi amekosea hesabu. Aanze na bomba. Wakati mnasubiri, asubuhi fungueni koki maji yaliyolala bombani yatoke yote, mdekie sakafu. Ya kupikia yawe ya baridi, kwa kuwa ya moto huyeyusha risasi zaidi. Na uji wa mtoto, kama mna kisima salama au tangi la mvua lililo safi, chukueni huko, kisha mchemshe kama kawaida.