Green Day: Mwasi Akishaomoka, Bado Ni Mwasi?

Kama ulicheki Coachella ya Aprili 2025, uliona venye Green Day walizusha. Wasee wameshapita miaka 50, wako stejini kwa tamasha ambalo tiketi yake inaweza kulipa rent yako ya miezi kadhaa, alafu katikati ya "Jesus of Suburbia", Billie Joe Armstrong anabadilisha maneno na kuwataja watoto wa Palestina. Haikuisha wiki tatu, Mei 1, wakawa Hollywood wakipewa nyota yao pale Walk of Fame.

Hio si mara ya kwanza. Mkesha wa kuingia 2024, kwa TV ya ABC, Billie Joe alibadilisha neno moja kwa "American Idiot" ndio awarushie mawe watu wa MAGA, mbogi ya Trump. Wafuasi wa Trump walichemka. Hadi Elon Musk akaingia X kuwacheka, akisema siku hizi hawapigani na mfumo, wanaupigia debe.

Sasa mwenyewe Musk ni bilionea, so sikiza hio na chumvi kiasi. Lakini swali lenyewe ni la haki: ukishakuwa na mamilioni, unaweza bado kujiita punk? Ndio upate jibu, rudi nyuma kidogo, juu Green Day wameulizwa hivi kwa miaka 30, na wa kwanza kuwauliza walikuwa mabeshte wao.

Vijana wa Rodeo

Billie Joe alilelewa Rodeo, mji mdogo wa California ulio kando ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Mzae wake alikuwa dereva wa lori na mpiga ngoma za jazz. Alikufa kwa saratani 1982, Billie Joe akiwa na miaka 10. Mathe akabaki kulisha familia kwa kazi ya kuhudumia meza kwa mkahawa. Kitinda mimba kati ya watoto sita, huyo kijana akaacha shule kabla afikishe miaka 18 ndio afuate muziki. Beshte wake Mike Dirnt, mpiga bass, walijuana wakiwa na hio miaka 10.

Bendi yao ilianza ikiitwa Sweet Children. Nyumbani kwao kimuziki kulikuwa 924 Gilman Street, Berkeley, ukumbi uliofunguliwa mkesha wa kuingia 1987 na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Sheria zilikuwa wazi: hakuna pombe, hakuna vita, hakuna ubaguzi wa rangi. Na bendi iliyosain na lebo kubwa haipigi hapo.

Wakatoa albamu mbili na Lookout, lebo ndogo ya mtaa. Ya kwanza 1990. Muda si muda Tré Cool akashika ngoma na bendi ikakamilika. Alafu lebo kubwa zikabisha hodi. 1993 wakasain na Reprise, kampuni ya Warner.

Gilman ikafunga mlango. Hao hao wasee waliokuwa wanaruka nao mbele ya steji sasa wakawaita wasaliti. Februari 1994 "Dookie" ikatoka, ikauza zaidi ya kopi milioni 10 Marekani pekee. Dunia nzima inawajua, lakini mtaani hawaingii. Hio uchungu iliwakaa hadi wakaifanyia wimbo, "86", kwa albamu ya 1995.

Nani alikula doo?

Hapa ndio stori inageuka. Kwa akili ya punk, lebo kubwa ni mwizi na lebo ndogo ni familia. Lakini 2005, Green Day waliondoa albamu zao Lookout, na sababu ilikuwa malipo yao ambayo hayakuwa yamelipwa. Familia ndio ilikuwa na deni. Lookout ikayumba hadi ikafunga kabisa 2012.

Si kusema makampuni makubwa ni malaika. Ila ukisain kitu, jina zuri la lebo halikulipi. Mkataba ndio unakulipa, na hata huo lazima uufuatilie. Kama uko kwa studio ya beshte sai mnarekodi bila karatasi, hio ni yako.

2004: walipohatarisha kitu

Jaribio kubwa lilikuja na "American Idiot". Vita ya Iraq ilikuwa imewaka. Mwaka uliopita, bendi ya country iliyokuwa inaitwa Dixie Chicks ilimkosoa Rais Bush kwa sentensi moja tu jukwaani London, na redio nyingi za Marekani zikaacha kupiga nyimbo zao. Kila msanii aliona hio.

Green Day wenyewe walikuwa wanashuka, albamu yao ya 2000 haikuuza sana. Wangecheza chini, hakuna mtu angewalaumu. Badala yake wakatoa albamu nzima ya hasira kuhusu vita na TV zinazouza woga. Ikaingia namba moja Marekani, ikabeba Grammy ya albamu bora ya rock 2005, na 2010 ikawa mchezo wa Broadway.

Sasa uamuzi

Ukweli ni kwamba leo hawahatarishi mengi. Mwenye nyota Hollywood hafukuzwi keja juu ya neno moja kwa TV. Kumpa sifa kama za msee anayebonga bila kitu mfukoni ni kudanganyana.

Lakini pale Gilman walikuwa wanaimbia watu wanaokubaliana nao tayari. Kwa ABC, mkesha wa mwaka mpya, wanaimbia hata mjomba anayempenda Trump, ameketi na sahani ya chakula. Ndio maana watu walichemka. Na 2015, moto ulipochoma wachapishaji wa vitabu vya mrengo wa kushoto pale Oakland, Green Day walirudi Gilman kupiga shoo ya kuwachangia. Mlango uliofungwa ukafunguliwa.

So doo haikuwaua. Ile ingewaua ni kunyamaza ndio waendelee kuipata. Ukiona msanii wako ameomoka, usihesabu magari yake. Angalia kama bado anasema kitu ambacho aliyemlipa hataki kusikia.