Wageni Wakibisha Hodi: Tutazame Michezo ya Kujenga Miji



Wazazi na wanafunzi wetu, wakati wa likizo vijana wanaosoma Gitega na Bujumbura hurudi nyumbani na kompyuta, na ndani yake mna michezo ya kujenga miji ya kale. Mmoja ni Banished wa mwaka 2014, uliotengenezwa na mtu mmoja, Luke Hodorowicz. Wengi wanauliza: ni halali au haramu? Kabla ya kujibu tuliona bora tukae na vijana, tutazame.

Familia chache zimefukuzwa kwao. Hakuna pesa, hakuna jeshi wala adui. Kuna msitu, mto, na baridi kali inayokuja. Ukichelewa kupanda, watu wanakufa kwa njaa. Ukisahau kuni, wanakufa kwa baridi. Mvuto wake tunaukiri. Kijana anajifunza kwamba ghala hujazwa kabla ya shida, na hayo ndiyo mafundisho ya Nabii Yusuf (A.S.), aliyewaongoza watu wa Misri kuweka akiba miaka saba kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Mama wa Bugendana anayeficha mbegu za maharage hata siku chungu kikiwa kitupu analijua hilo bila kompyuta.

Lakini mchezo una kasoro. Akifa baba wa familia, mchezaji anaona tu kwamba shambani pamepungua mikono. Nyumba ya ibada nayo hujengwa ili watu wafurahi, wasilegee kazini. Sisi hatumuabudu Allah kwa hesabu hiyo.

Kubwa zaidi ni hili. Mji ukishakua, wahamaji huja kuomba makazi, na mchezaji huulizwa: uwapokee au uwakatae? Vijana walitujibu bila kusita: kataa! Hawana elimu, huenda wana maradhi, na watamaliza chakula.

Ndugu zetu, neno hilo lisemwe Bugendana? Hapa, Julai 1996, watu zaidi ya 300 waliokimbia makwao waliuawa kambini, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Na ni wangapi miongoni mwetu waliolelewa Tanzania katika kambi za wakimbizi, kwa sababu kuna aliyekubali kuwapokea wazazi wetu?

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwafanya Muhajirina na Ansari kuwa ndugu. Saad bin Rabii alitaka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akauliza soko liko wapi, akaenda kufanya biashara. Mgeni yule hakuwa mzigo, alikuwa neema kwa mji. Hesabu hiyo haimo katika mchezo.

Basi wazazi, msivunje kompyuta. Wekeni mipaka: kwanza swala, masomo na kazi za nyumbani, na usiku usiliwe na mchezo hadi Alfajiri ikapita. Kisha siku moja kaeni na mtoto. Wahamaji wakija kubisha hodi, mwulizeni atawajibu nini, na mmweleze babu yake alijibiwa nini.

Allah atujaalie tuwe Ansari kwa kila anayetukimbilia. Amin.

Wabillahi tawfiq.